Soketi zilizopakwa rangi kwenye nyumba ya kupanga: ipi inasafishika, ipi ya kubadilisha?

mpangaji_mpya

Habari wakuu. Nyumba ya kupanga imepakwa rangi upya kabla ya kukabidhiwa, na mpakaji hakufunika soketi hata moja. Hali iko hivi:

Soketi ni 6, za ukutani, zenye swichi, za plagi ya pini tatu bapa. Mbili zimechafuka usoni tu. Tatu zina rangi ndani ya matundu: plagi inaingia kwa kusukumwa sana, na kwenye moja inaishia nusu, pini zinaonekana. Ya sita inapokea plagi vizuri lakini chaja inawaka na kuzima ukiitikisa. Skrubu zote zimezibwa na rangi, na mabamba yameshikana na ukuta kama yamegundishwa. Rangi ya ukutani ni ya maji.

Ninachotaka kujua: je, matundu yanaweza kukwanguliwa kwa kitu chembamba umeme ukiwa umezimwa? Soketi ipi isiguswe kabisa kuanzia leo? Na katika kazi hii mpangaji anaishia wapi, mwenye nyumba anaanzia wapi?

---

FundiWaya

Nianze na swali la katikati kwa sababu ndilo la haraka. Ile inayowaka na kuzima isitumike tena, na ile ambayo plagi inaishia nusu pia. Chomoa, zima swichi zake, bandika tepu ya karatasi juu ya matundu ili mwenzako wa nyumbani asije akachomeka kwa kusahau. Zile mbili nyingine zenye rangi tunduni nazo zipumzishe. Zilizochafuka usoni tu endelea kuzitumia.

Kukwangua matundu: hapana, hata umeme ukiwa umezimwa. Hapo tatizo si kupigwa shoti, tatizo ni kwamba kazi yenyewe haifanyiki. Nyuma ya tundu kuna vilango vya plastiki, na nyuma ya vilango kuna vibanio vya shaba vinavyoikamata pini pande mbili. Kwenye soketi nyingi za aina yako pini ya ethi, yaani ya njia ya kwenda ardhini, ni ndefu kuliko zile nyingine makusudi: inatangulia, inasukuma vilango, ndipo pini mbili zilizobaki zinapita. Rangi ikiganda kwenye springi ya vilango, ama vitagoma kufunguka, ama vitabaki wazi, na vikibaki wazi mtoto anaweza kuingiza kitu hadi kwenye waya wa moto. Ukiingiza msumari au bisibisi nyembamba unavunja kilango, unasukuma maganda ya rangi ndani zaidi, na unatanua kibanio. Kibanio kilichotanuka hakirudishi nguvu yake. Utakuwa umeondoa rangi kidogo na kuleta ugonjwa mwingine wa kudumu.

Sasa kwa nini rangi kidogo tu ni hatari hivyo. Rangi kavu haipitishi umeme. Ikipaka sehemu ya kibanio, pini inagusa shaba kwenye eneo dogo, na pale panakuwa na ukinzani, yaani kizuizi kwa mkondo. Joto kwa wati ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Chukua birika la wati 2000 kwenye volti 230: linavuta karibu ampea 8.7. Mguso ukiwa na ukinzani wa nusu omu, unapata 8.7 × 8.7 × 0.5, yaani karibu wati 38 za joto ndani ya kiplastiki kidogo kisicho na pa kupumulia. Hilo ni joto la kifaa cha kulehemea redio. Chaja ya simu ya wati 10 kwenye soketi hiyohiyo inavuta kama ampea 0.05 tu, na joto lake halifiki hata wati 0.01. Ndiyo maana watu husema "mbona inachaji vizuri", kisha siku wanapochomeka pasi plastiki inaanza kulainika.

Na usitegemee breka ikuokoe hapo. Breka ya kawaida huzima mkondo ukizidi, na hapa haujazidi, birika linavuta kiasi chake kilekile. Ile ya kuvuja, iliyoandikwa RCD na yenye kitufe cha T, huzima umeme unapopotea kwenda ardhini, na hapa haujapotea. Soketi inaweza kuungua taratibu huku kila kitu ubaoni kikiwa shwari.

Kuna la tatu, nalo linanisumbua kuliko yote kwa sababu halionekani kabisa: rangi kwenye kibanio cha ethi. Waya wa moto na nyutro (waya wa kurudishia mkondo) vikigusa vizuri, kifaa kitafanya kazi kama kawaida, lakini bodi ya chuma ya jokofu au mashine ya kufulia haina tena njia ya kwenda ardhini. Hutajua mpaka siku waya wa ndani utakapogusa bodi.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata: rangi usoni, safisha. Rangi tunduni, badilisha soketi nzima. Soketi yenyewe ni miongoni mwa vitu vya bei rahisi kwenye mfumo wa umeme wa nyumba, haina sababu ya kuokolewa.

Dalili za kumwita fundi siku hiyohiyo: bamba lina joto ukiligusa baada ya kutumia, alama ya kahawia kuzunguka tundu, sauti ya kukaanga, au harufu kama ya samaki wakati hakuna samaki ndani. Hiyo ya mwisho hutoka kwenye plastiki ya soketi inapopata joto, na wengi huitafuta jikoni.

---

mpangaji_mpya

Shukrani fundi. Nimeelewa kuhusu matundu. Swali la nyongeza: ubaoni kuna breka 8 zisizo na majina. Nikitaka kusafisha zile mbili za usoni, nazima ipi, na bisibisi ya testa inatosha kuhakikisha?

---

mita_mkononi

Bisibisi ya testa haitoshi, na kwenye soketi zenye rangi haitoshi mara mbili. Taa yake inawaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini mwako hadi sakafuni. Ukiwa umesimama kwenye stuli ya plastiki au umevaa viatu vya soli nene, inaweza isiwake ilhali waya una moto. Ongeza na rangi: ncha ya testa ikigusa kibanio kilichopakwa, haitaonyesha chochote. Mtu anasema "hakuna umeme", anafungua, anagusa.

Mtego huohuo upo hata kwa mita nzuri, na ndiyo sababu nimeandika. Kwenye soketi iliyoziba, kipimo kilichochukuliwa kupitia matundu si ushahidi kwamba umeme haupo. Inawezekana unapima rangi. Taa ya mezani uliyochomeka ikakataa kuwaka pia si ushahidi. Ushahidi unapatikana nyuma ya bamba, kwenye skrubu zinazobana nyaya. Kwa hiyo hadi ufike pale, fanya kila kitu kana kwamba moto upo.

Kutafuta breka: chomeka redio kwa sauti kubwa kwenye soketi nzima iliyo karibu, zima breka moja moja hadi inyamaze, andika namba. Lakini soketi ya jirani si lazima iwe kwenye breka moja na ile unayoilenga. Upande mmoja wa ukuta unaweza kulishwa na breka nyingine, hasa jikoni. Kwa bao lisilo na majina sifanyi ubashiri, nazima meni swichi, natumia tochi ya kichwani. Kama nyumba ina inveta ya betri, sola au jenereta, ujue kuzima meni hakuzimi kinacholishwa na hizo. Zizime zenyewe kwanza. Kisha weka karatasi iliyoandikwa "usiwashe" pale ubaoni, na kama breka ina kitundu cha kufuli, funga.

Kupima kwa mita, hatua ni tatu na zote zina sababu:

Kwanza pima mahali unapojua pana moto, kabla hujazima. Kati ya moto na nyutro unatarajia takriban volti 230 (nchi nyingine 120), kati ya moto na ethi vivyo hivyo, kati ya nyutro na ethi karibu na sifuri. Hapo umeihakikisha mita, betri yake na nyaya zake.

Pili, zima, kisha pima pale unapofanyia kazi: moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Zote tatu ziwe sifuri. Kipimo kimoja hakitoshi kwa sababu nyutro inaweza kuwa imekatika mahali, ukasoma sifuri kati yake na moto, kumbe moto upo.

Tatu, rudi upime tena mahali penye moto, mfano upande wa juu wa meni kama unafikika salama, au soketi ya jirani ukishawasha. Mita ikiwa imekufa katikati ya kazi, hapa ndipo utakapojua.

Mita iwe na alama ya CAT III, daraja la usalama la mita, na nyaya zake zisiwe na michubuko. Asiye na mita na asiyejua kuitumia, mpaka wake ni uso wa soketi. Asifungue skrubu.

---

BrashiNaRola

Niongee upande wa rangi maana sisi wapakaji ndio tulioharibu.

Kwa usoni: zima meni. Rangi ya maji ambayo haijapitisha wiki mbili tatu bado ni laini kwenye plastiki nyororo, haijashika kama inavyoshika ukutani. Mara nyingi ukucha unaitoa, au kijiti cha mbao au kadi ya plastiki ya benki iliyokwisha muda. Anza pembeni ambapo kuna unene, inua, vuta polepole uelekeo mmoja, inatoka kama ngozi ya viazi vilivyochemshwa. Usianzie kwenye ukingo wa tundu. Anzia nje na uishie kama milimita 5 kabla ya tundu, ili ganda lisikatikie ndani. Iliyobaki pale ukingoni iache.

Kama imeshika, tumia kitambaa chenye unyevu wa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Nasema unyevu: kikamue hadi hakidondoshi hata ukikinyonga. Weka tepu juu ya matundu kwanza, kandamiza kitambaa juu ya doa dakika chache, kisha kwangua kwa kijiti. Acha ikauke saa kadhaa kabla ya kurudisha umeme.

Vipande ambavyo bado ni vigumu, weka tina kidogo kwenye pamba na ufute.

Kuhusu bamba lililoshikana na ukuta: usilivute. Rangi imeunganisha bamba na lipu kuwa utando mmoja, ukivuta unang'oa rangi ya ukuta na wakati mwingine lipu yenyewe, kipande cha upana wa kiganja. Kata kwanza. Kisu cha blade mpya, toa ncha milimita 2 au 3 tu, ilaze kwenye ukingo wa bamba, pitisha mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi pande zote nne. Kwenye pembe anza katikati ya upande ukielekea pembeni, usipitilize, la sivyo utaacha mkwaruzo ukutani utakaoonekana daima. Blade isiingie nyuma ya bamba, nyaya ziko pale.

Skrubu: chimbua mfereji wa kichwa kwa ncha ya msumari mkali au kisu cha zamani, ukifuata umbo lake, hadi uone chuma chini. Halafu weka bisibisi inayojaa mfereji sawasawa, igonge kidogo nyuma kwa kiganja, ndipo uzungushe. Ukianza kuzungusha kabla ya kusafisha, bisibisi inateleza, kichwa kinalika, na hapo kazi ya dakika tano inakuwa ya saa nzima.

Kama jengo ni la zamani na kuna tabaka nyingi za rangi chini ya hii mpya, usikwangue kikavu wala usipige msasa. Rangi za miongo iliyopita nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Kata tu, tandaza gazeti chini, okota maganda, futa kwa kitambaa chenye unyevu, nawa mikono.

---

FundiWaya

Nakubaliana na karibu yote ya BrashiNaRola, ila hapo kwenye tina napinga kabisa. Tina, petroli, asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, vyote vimo katika kundi la vitu vinavyoshambulia plastiki. Soketi za siku hizi nyingi zina mabamba ya polikaboneti, na asetoni huitia nyufa ndogo ambazo huzioni siku hiyo. Bamba linapasuka miezi baadaye mtu anapochomoa plagi. Na kioevu kinachotiririka kinabeba rangi iliyoyeyuka moja kwa moja hadi kwenye vibanio: umegeuza soketi ya usoni kuwa soketi ya tunduni. Mvuke wake pia unawaka, na swichi hutoa cheche. Kama maji na sabuni hayakutosha, vumilia doa au badilisha bamba.

Vivyo hivyo usitumie bunduki ya joto wala dawa ya kubandulia rangi.

La kisu ni sahihi. Ningeongeza kwamba meni izimwe kabla ya kukata, si kabla ya kufungua skrubu tu.

---

BrashiNaRola

Nimekubali kuhusu tina, fundi. Ukutani hatuna shida nayo ndiyo maana mkono unaizoea. mpangaji_mpya, futa hiyo sentensi yangu.

---

mkataba_kwanza

Swali la mpangaji anaishia wapi halijajibiwa, na ndilo litakalokuletea ugomvi kuliko rangi yenyewe.

Sheria za upangaji si moja kila mahali, lakini mantiki inayokubalika karibu kote ni hii: nyaya za ukutani, soketi, swichi na bao ni sehemu ya nyumba, si mali ya mpangaji. Zikikabidhiwa zikiwa mbovu, kuzirekebisha ni kwa mwenye nyumba. Ukizifungua mwenyewe bila ruhusa ya maandishi, unabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hukuziharibu wewe. Na kikitokea chochote, kampuni ya bima itauliza nani alifungua. Sehemu nyingi pia kazi ya kubadilisha soketi hutakiwa kufanywa na fundi mwenye leseni.

Hivyo kabla hujabandua hata tone moja: piga picha. Kila soketi picha mbili, moja ya mbali inayoonyesha ukuta na dirisha au mlango ili ijulikane ni ipi, na moja ya karibu yenye mwanga wa pembeni ili rangi ndani ya tundu ionekane. Ile ambayo plagi inaishia nusu, usiichomeke tena kwa ajili ya picha. Eleza kwa maneno. Zipe soketi namba, ziandike kwenye orodha ya makabidhiano ya nyumba. Kama orodha hiyo haikuwepo, itengeneze leo na umtumie nakala.

Kisha andika ujumbe, hata kama mnaelewana kwa simu. Ongea naye kwanza kama ni mtu mzima unayemheshimu, lakini maandishi yafuate siku hiyohiyo. Mfano:

"Shikamoo mzee. Kama tulivyoongea leo, soketi namba 2, 3 na 4 zina rangi ndani ya matundu tangu nyumba ilipopakwa. Namba 4 plagi haiingii hadi mwisho, na namba 5 inakatakata umeme. Nimeacha kuzitumia zote nne kwa usalama. Picha ziko hapa chini. Naomba fundi umeme azibadilishe. Nitakuwepo nyumbani Jumamosi asubuhi au siku yoyote jioni. Namba 1 na 6 zimechafuka nje tu. Naomba ruhusa nizifute mwenyewe bila kuzifungua."

Umeeleza kasoro, chanzo, hatari, ulichofanya kuzuia madhara, unachoomba, na muda wa kuingia. Hakuna lawama ndani yake, kwa hiyo hakuna cha kubishia. Akikujibu "zibadilishe tutakatana kwenye kodi", usianze kabla hajaandika kiasi na kabla hujapata makisio ya fundi. Hifadhi risiti na soketi za zamani zilizotolewa, usizitupe. Rangi iliyo ndani yake ndiyo shahidi wako.

Kama ni wewe uliyepaka kwa ruhusa yake, hesabu inageuka: gharama huwa yako, na kwenye amana itakatwa. Lakini kwa maelezo yako sivyo.

---

mpangaji_mpya

Mmenisaidia sana. Nimetuma ujumbe na picha. Fundi wa mwenye nyumba anakuja. Niangalie nini ili nijue soketi mpya zimefungwa sawasawa, bila kumfundisha mtu kazi yake?

---

FundiWaya

Swali zuri, maana soketi mpya iliyofungwa vibaya ni mbaya kuliko ya zamani yenye rangi.

Kabla hajaondoa ya zamani, mwangalie kama anapima na kama anapiga picha ya nyaya. Nyuma utaona terminali tatu: L ya moto, N ya nyutro, na ya ethi yenye E au alama ya mistari inayopungua. Rangi za nyaya hazifanani kila mahali: nyingi za sasa ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani chenye mistari ya njano kwa ethi, na za zamani nyekundu, nyeusi na kijani. Zipo nchi ambako nyeusi ndiyo ya moto. Fundi hufuata herufi na kipimo, rangi ya waya haitoshi.

Mara nyingi kila terminali ina nyaya mbili, kwa sababu umeme unapita hapo kwenda soketi inayofuata. Zote mbili lazima zirudi. Kwenye mfumo wa mzunguko, ule ambao waya unatoka kwenye breka na kurudi kwenye breka ileile, waya mmoja ukisahauliwa kila soketi bado itafanya kazi na hakuna atakayegundua, lakini mzigo wote unapitia upande mmoja wa waya wa milimita za mraba 2.5 chini ya breka ya ampea 32. Unapata joto ndani ya ukuta. Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi.

Ganda la waya livuliwe kiasi cha milimita 8 hadi 10 hivi, kiasi kwamba shaba yote iko ndani ya terminali na haibani plastiki. Zilizokatwa nyuzi nyuzi hukatwa upya. Baada ya kukaza, kila waya unavutwa kwa mkono mmoja mmoja, unaotoka haukubanwa. Kama sanduku la ukutani ni la chuma, liwe na kiwaya chake cha ethi. Waya wa ethi usio na ganda uvikwe mrija wa kijani na njano.

Kina cha sanduku nacho ni kitu. Mengi ya zamani yana milimita 25, na soketi zenye matundu ya USB zina mgongo mnene, huhitaji kama 35. Ukiilazimisha, nyaya zinajikunja na kubanwa kati ya soketi na chuma, ganda linachubuka. Kama fundi analisukuma bamba kwa kiganja ili skrubu zifike, mwambie aweke soketi ya kawaida. Skrubu ziingie kwa mkono mizunguko ya mwanzo, kisha bisibisi, na zisikazwe hadi bamba lipinde. Polikaboneti inastahimili kidogo, aina nyingine hupasuka papo hapo.

Waya wa ndani ukionekana wa rangi ya fedha, kazi isimame. Inaweza kuwa alumini, ambayo haifungwi kwenye soketi yoyote tu, au shaba ya zamani iliyopakwa bati, yenye ganda la mpira linalokatikakatika ukiligusa. Yote mawili ni mazungumzo mapya na mwenye nyumba kuhusu nyaya za nyumba nzima.

Mwisho, majaribio. Plagi ya kupimia soketi yenye taa tatu inaonyesha moto na nyutro vikibadilishana, na ethi ikikosekana, lakini haiwezi kutambua nyutro na ethi zilizobadilishana. Hapo ndipo kipimo cha fundi kinapohitajika. Bonyeza pia T, kitufe kinachojaribu breka ya kuvuja yenyewe: iruke mara moja. Kisha chomeka birika la wati 2000 lenye maji, lichemke mara mbili mfululizo, chomoa, gusa pini za plagi na uso wa soketi. Uvuguvugu kidogo ni sawa. Pini zikiwa za moto kiasi cha kutoa mkono, soketi ifunguliwe tena.

Angalia pia plagi zako mwenyewe zilizowahi kulazimishwa kwenye zile soketi za rangi. Pini zikiwa na rangi au weusi, utahamishia uchafu huo kwenye soketi mpya. Rangi kwenye pini inakwanguliwa kwa kisu kirahisi, plagi ikiwa mkononi na haijachomekwa popote. Plagi iliyolainika au iliyogeuka kahawia ikatwe na kuwekwa mpya.

---

mita_mkononi

Nyongeza fupi: swichi za taa zilizopakwa usiziache nje ya orodha. Swichi ambayo rangi inaifanya isimame katikati, haiendi juu wala chini, inatoa cheche mfululizo ndani. Ukiisikia inalia kama mbu, zima breka ya taa, iandike kwenye orodha ileile, fundi aibadilishe siku hiyohiyo.

---

mpangaji_mpya

Ipo moja ya bafuni inayosimama katikati. Naiongeza kwenye ujumbe sasa hivi. Na mwenye nyumba anasema chumba cha nyuma kitapakwa mwezi ujao. Nimwambie mpakaji afanye nini?

---

BrashiNaRola

Azime meni, akate ukingo kwa kisu, alegeze skrubu mbili za kila bamba (asiye na mita amwachie fundi) hadi lisogee mbele kama milimita 5, asilitoe. Bamba lote, matundu na swichi, lifunikwe kwa tepu ya karatasi, na tepu izungushwe hadi nyuma ya ukingo. Brashi ndogo ipite nyuma ya bamba kidogo tu, rola isikaribie. Rangi ya maji ikiwa mbichi inapitisha umeme, kwa hiyo ikimwagikia ndani, meni isirudishwe mpaka fundi umeme aione. Tepu itolewe rangi ikiwa bado na unyevu, ivutwe kuelekea kwenye bamba, ikichelewa hadi kesho yake itang'oa ukingo. Ukuta ukikauka kabisa ndipo akaze skrubu, kisha meni iwashwe.